Fundi na Bi Tahadhari

Siku waliyokutana, ukumbi wa halmashauri ulikuwa umefurika. Watu wa leseni, watu wa vyeti vya kuzaliwa na watu wa malalamiko ya mitaro walikuwa wamepanga foleni tatu, na hakuna aliyejua ipi inaishia dirisha gani. Fundi cherehani alikuwa katikati yao, amekumbatia bahasha ya kaki, shati lake jeupe limepigwa pasi likanyooka kama karatasi. Ndani ya bahasha mlikuwa na sahihi mia nne na kumi na mbili za wakazi wa mtaa wake. Walikuwa wakiomba kitu kimoja tu: matuta barabarani.

Mwanamke mmoja akapita mbio. Alivaa gauni la bluu na juu yake kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari ya kung'aa, na kipaza sauti kikubwa kilining'inia begani. Kizibao kikanasa kwenye msumari wa meza. Chwaa!

"Simama hivyo hivyo," Fundi alisema.

"Samahani?"

"Ukivuta, mshono wote unaachia. Usitikisike." Akachomoa sindano yenye uzi chini ya ukosi wa shati lake, akainama.

"Wewe unatembea na sindano?"

"Na wewe unatembea na kipaza sauti. Kila mtu na silaha yake."

Mwanamke alicheka mpaka foleni nzima ikageuka. Fundi aliposhona pigo la mwisho na kukata uzi kwa meno, alisikia harufu ya sabuni na jasho la mtu aliyefanya kazi tangu alfajiri, na hakuharakisha kuinuka.

"Umeleta nini kwetu?" mwanamke aliuliza.

"Barua ya matuta. Ile barabara ya kutoka darajani hadi shuleni. Tangu barabara kuu ifungwe kwa matengenezo, malori yote yamehamia kwetu. Mama yangu anauza vitambaa ng'ambo ya duka langu. Akitaka kuvuka, anasimama robo saa nzima."

Tabasamu la mwanamke lilipungua kidogo. Yeye ndiye alikuwa afisa wa maafa wa halmashauri. Watu walimwita Bi Tahadhari, kwa sababu hakuna mkutano alioumaliza bila kulitamka neno hilo. Barabara hiyo aliijua kuliko kiganja chake. Ndiyo pekee iliyofikisha gari la zimamoto kwenye nyumba za bondeni, na ndiyo pekee ambayo watu wangeipanda kukimbia mto ukifurika. Wiki hiyohiyo mkurugenzi wake alikuwa amemtaka aandike maoni kuhusu matuta.

Angeweza kumwambia pale pale. Badala yake alisema, "Dirisha la nne. Na asante kwa kizibao."

*

Walikutana tena baada ya siku tisa, kwenye zoezi la mafuriko. King'ora kilipolia, wakazi wa bondeni walitakiwa kupanda barabara hadi uwanja wa shule. Bi Tahadhari alisimama juu ya pipa, kipaza sauti mdomoni.

"Nahitaji majeruhi mmoja! Mtu wa kubebwa kwenye machela!"

Hakuna aliyenyanyua mkono. Macho yake yakatua kwa Fundi, aliyekuwa mlangoni pa duka lake na futi ya kupimia shingoni.

"Wewe hapo, Fundi. Umevunjika mguu."

"Mimi? Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Lala."

Watu walikufa kwa kicheko. Fundi alilazwa kwenye machela, akabebwa na wanaume wanne, na Bi Tahadhari akitembea pembeni akiandika dakika kwenye daftari.

"Dada, mguu wenyewe ni wa kulia au wa kushoto?"

"Nyamaza. Sasa umezirai."

"Nimezirai, lakini nauliza: majeruhi akiamka, anapewa namba ya simu ya aliyemwokoa?"

Aliendelea kuandika, ila kalamu yake ilikuwa imeacha kuandika dakika. Walipofika uwanjani, alichana kipande cha karatasi akakipenyeza kwenye mfuko wa shati la mgonjwa wake.

Wakaanza kupigiana simu. Fundi alikuwa akiweka simu begani, anaibana kwa shavu, mashine ikinguruma.

"Zima hiyo mashine, sikusikii, mpenzi."

"Nikiizima mteja atanizima mimi. Sema, nakusikia."

"Nimesema nimekukumbuka."

Mashine ilinyamaza. "Rudia."

"Siku ya kusikia umeikosa."

Mama yake Fundi alimpenda siku ya kwanza. Alikuwa mjane mfupi, mcheshi, aliyejifunga kanga mbili hata kwenye joto. Alimshika binti wa watu mkono, akamketisha kati ya majora ya vitambaa. "Mwanangu, nasikia unajua njia zote za kukimbilia hatari ikija."

"Ndiyo kazi yangu, mama."

"Basi usimwonyeshe huyu hata moja. Nataka abaki hapohapo aliponasa."

"Mama!" Fundi aliona aibu kama mtoto.

"Nini? Miaka thelathini na minne, unawapima wanawake wa watu viuno na kuwaandika daftarini, wako hujampima!"

Miezi miwili ilikuwa hivyo. Katika miezi hiyo, Bi Tahadhari alimaliza ripoti yake. Ilikuwa na kurasa mbili. Wa kwanza ulisema matuta yasijengwe, kwa kuwa yangechelewesha zimamoto na gari la wagonjwa. Wa pili ulisema kwa sababu hiyohiyo malori yapigwe marufuku mara moja, wachorewe wapita njia vivuko viwili, na awekwe askari wa barabarani mbele ya shule. Aliuandika ukurasa huo akimfikiria mama mwenye kanga mbili. Hakumwambia Fundi. Alitaka ausikie mkutanoni, wote wawili wamekaa pamoja, iwe zawadi.

*

Mkutano ulifanyika mchana, ukumbi uleule. Mkurugenzi alivaa suti ya kijivu iliyombana tumbo. Alisoma ukurasa wa kwanza, akauweka mezani, akavua miwani.

"Kwa hiyo, ndugu wananchi, mtaalamu wetu wa maafa amepinga matuta. Usalama kwanza. Suala hili limefungwa."

Bi Tahadhari alikuwa meza ya mbele. Alisubiri ukurasa wa pili. Mkurugenzi akafungua faili jingine. Hapo akaelewa: malori mengi yalikuwa ya mkandarasi wa barabara kuu, na halmashauri haikutaka ugomvi naye. Nakala yake alikuwa nayo mapajani. Mkono wake ulianza kuinuka. Mkurugenzi akamtazama, mara moja tu, jicho la mtu anayemkumbusha mwingine kwamba mkataba wake unaisha mwezi ujao. Mkono ukarudi chini.

Fundi alimkuta kwenye ngazi za nje.

"Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi, lakini..."

"Miezi miwili umekaa kwenye kiti cha mama yangu. Umeshika mkono wake ukimvusha barabara hiyo. Na kalamu yako inaandika hapana."

"Fundi, nisikilize. Kulikuwa na..."

"Nimekusikiliza sana. Nilikuwa hata nazima mashine." Akashuka ngazi bila kugeuka.

Bi Tahadhari alimpigia mara kumi na moja siku hiyo. Siku ya pili mara sita. Siku ya tatu alituma ujumbe, *Naomba dakika tano*, na jibu halikuja. Mama ndiye aliyempigia, kwa siri.

"Ana kichwa kigumu kama babake. Nipe wiki moja, nitamlainisha. Wewe unakula lakini?"

"Nakula, mama."

"Muongo. Sauti yako imekonda."

Wiki haikuisha. Jumatano saa nne asubuhi, mama alisimama ng'ambo ya barabara na jora la kitambaa cha kijani begani, mteja wa mwanawe akilisubiri. Lori moja lilipunguza mwendo, dereva akampungia mkono apite. Akashukuru, akapita. Lori la nyuma, likilipita la kwanza, halikumwona. Fundi alisikia breki, kisha hakusikia chochote, hata mashine iliyokuwa bado inazunguka chini ya mguu wake.

Gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika sita. Bi Tahadhari alifika nalo. Simu ya dharura ilipita mezani kwake. Alipiga magoti kwenye lami, akakishika kichwa cha mama kisitikisike, kama alivyowafundisha watu mara mia.

"Mkwe wangu," mama alisema polepole. "Umefika haraka."

"Nimefika, mama. Usiongee."

"Kitambaa kisichafuke. Ni cha watu."

Hakufika hospitali.

*

Msibani Bi Tahadhari alikaa nyuma kabisa, miongoni mwa wanawake wasiomjua. Fundi alimwona. Hakumfukuza, hakumsalimia. Alipokea pole za watu kwa macho makavu, akisema "Tumeshapoa" kwa kila mkono.

Iliundwa kamati ya uchunguzi, ikakaa uwanja wa shule mbele ya watu wote. Bi Tahadhari hakuitwa. Alikwenda mwenyewe, bila kizibao, kitambaa cheusi kichwani. Akaomba kipaza sauti, akausoma ukurasa wa pili kuanzia tarehe hadi sahihi. Mkurugenzi alijaribu kumkatiza, watu wakamzomea. Kufikia Ijumaa, vizuizi vya chuma vyenye mlinzi viliwekwa darajani, malori yakatafutiwa njia nyingine. Mkurugenzi alisimamishwa. Mkataba wa Bi Tahadhari nao haukuongezwa, na hakuna aliyeeleza kwa nini.

Jumapili Fundi aligonga mlango wake. Alikuwa amenyoa ndevu za msiba, na macho yalikuwa yameingia ndani. Alisimama katikati ya chumba, kati ya kitanda na meza yenye ramani za mto, kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Ulikuwa unatupigania, mimi nikakufungia simu."

"Kaa kwanza."

"Nikikaa sitasema. Mama alitaka uwe wetu. Mimi nilitaka kabla yake. Nioe... yaani, nikuoe. Hata maneno yamenipotea. Unanikubali?"

Alikuwa ameyasubiri maneno hayo tangu siku ya machela. Angeweza kusema ndiyo, na hakuna binadamu aliye hai ambaye angemlaumu. Akamshika mikono yote miwili, akaona vidole vyake vilivyojaa matundu ya sindano, na machozi yakamtangulia.

"Fundi, siku ile mkutanoni, ukurasa wa pili nilikuwa nao."

"Najua. Aliuficha."

"Yeye aliuficha wake. Mimi wangu ulikuwa mapajani. Niliona hausomwi. Nilianza kunyanyua mkono, akanitazama, nikaushusha. Niliogopa kazi. Nikajiambia nitalirekebisha taratibu, kwa barua. Siku nane, Fundi. Kila siku nilisema kesho."

Fundi alikaa. Nje, jirani alikuwa akianika nguo akiimba.

"Kwa nini unaniambia?" aliuliza mwishowe. "Nilikuwa nimeshakusamehe."

"Ulinisamehe kosa ambalo sikulifanya. Ungenioa hulijui nililolifanya."

"Ungeniacha nisijue!" Sauti yake ilipasuka. "Ningeishi! Ningekuwa na mtu mmoja duniani!"

Fundi akainuka, akaufungua mlango taratibu, akaufunga taratibu zaidi. Ingekuwa afadhali angeubamiza.

Bi Tahadhari alipata kazi mji mwingine, mbali, kwenye shirika la kufundisha uokoaji. Asubuhi ya safari, stendi ilikuwa na kelele za wapiga debe na harufu ya dizeli. Alikuwa ameshakabidhi begi lake aliposikia jina alilopewa na mtu mmoja tu, tangu siku ya machela.

"Mwokozi wangu."

Fundi alivaa shati jeupe, lakini safari hii halikupigwa pasi.

"Nimejaribu," alisema. "Nakuapia nimejaribu."

"Najua."

"Asubuhi naamka nimekusamehe kabisa. Nachukua simu nikupigie. Kisha naona kile kiti chake ng'ambo, na nahesabu siku tangu mkono wako uliposhuka. Nakupenda, na nahesabu. Tutaishije hivyo? Siku nitakayokasirika kwa chumvi kuzidi, nitakutajia mkono huo."

"Na mimi nitakuwa nikiisubiri siku hiyo," alisema. "Kila siku."

"Watu wanasema kama si wewe, malori yangekuwepo mpaka leo."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema ulisema kweli mara mbili palipokuwa pagumu. Siku ile ya mkutano tu..." Akamvuta kifuani, na wakasimama hivyo, abiria wakiwapita kulia na kushoto na mabegi yao, mpaka kondakta akagonga ubavu wa basi.

"Dada, tunaondoka!"

"Kula," Fundi alimwambia. "Sauti yako imekonda."

Akapanda upesi; angejibu, asingepanda. Basi lilirudi nyuma, likageuka, likachukua barabara kuu iliyokuwa imefunguliwa mwezi huo.

Fundi, ambaye hakutoa chozi makaburini, alikaa kwenye benchi la saruji la stendi, akalia kwa sauti, mabega yakitikisika. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri basi jingine alimsogelea, akamwekea mkono mgongoni.

"Pole, baba. Usilie hivyo. Aliyesafiri hurudi."

"Harudi, mama," Fundi alisema. "Ni mimi niliyemwachia aende."