Mfungo wa Jumamosi

Milango ya treni ilifunguka pale T-Centralen, kituo cha katikati ya jiji, watu wakamwagika, na Wanjugu, aliyekuwa amesinzia kwa kusimama, akakanyaga mguu wa mtu kwa kisigino.

"Woi! Pole sana!" Kiswahili kikamtoka kabla ya Kiswidi.

"Sijapoa," mwanamume akajibu. "Kanyaga na huu mwingine, ilingane."

Wanjugu akainua macho. Alikuwa Mhindi, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi, koti la njano la kazini, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Wewe umejifunzia wapi Kiswahili?"

"Kisumu, nilikozaliwa. Na wewe Mswidi, umejifunzia wapi?"

Wanjugu akacheka. Zilikuwa zimepita siku nyingi bila yeye kucheka.

Mwanamume huyo aliitwa Ketan, na hawakuachana bila kupeana namba za simu. Alipanga maboksi katika bohari moja kule Jordbro. Wanjugu aliwaogesha na kuwalisha wazee majumbani mwao huko Hässelby, upande mwingine kabisa wa jiji. Mmoja akitoka kazini, mwingine alikuwa anaingia, kwa hiyo penzi lao lililelewa na simu.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula mkate nikikimbilia basi. Wewe?"

"Leo ni ekadashi."

"Tena? Huyo Mungu wako hajui kwamba unabeba maboksi?"

"Anajua. Ndiyo maana ameniachia viazi."

Ekadashi, mfungo wa Wahindu, ni siku ya kumi na moja ya mwezi unapokua, na tena unapopungua, na siku hiyo Ketan hakugusa nafaka wala maharagwe. Mama yake alimtumia kutoka Kisumu kalenda ya mifungo na sikukuu. Wanjugu naye akaiomba, akaiweka kwenye simu yake. Alitaka kujua ni siku gani asimtajie mpenzi wake chapati.

Kisha Anti Jennifer akasikia. Ndiye aliyemlea Wanjugu tangu mama yake afariki, ndiye aliyemleta Sweden, na waliishi pamoja katika mtaa wa Rissne.

"Mlete ale kwangu nimwone," alisema. "Nisipompenda, usiniletee habari zake tena."

Wanjugu akatazama kalenda. Mfungo ulikuwa Jumapili. Akamwalika Ketan Jumamosi, akaomba ruhusa kazini, akaloweka maharagwe usiku, akaamka kupika huku mgongo ukimuuma. Hakutia nyama hata kidogo. Jioni akavaa gauni la kitenge cha bluu, akapaka mafuta mikono iliyokauka kwa sabuni.

Ketan alikuja na maua, shati jeupe limepigwa pasi vizuri. Akakaa. Anti akampakulia mukimo wa viazi na mahindi, maharagwe ya nazi, chapati mbili juu.

Ketan hakugusa.

"Anti, nisamehe. Leo nimefunga. Labda tunda tu, kama lipo."

Wanjugu akamgeukia. "Ketan, kalenda ya mama yako inasema ni kesho."

"Najua, lakini hapa..."

"Mwache," Anti akakatiza, taratibu, na utaratibu huo ulitisha kuliko kelele. "Mimi nilifanya kazi kwa Wahindi Nakuru, kijana. Niliwapikia, niliwalelea watoto. Kikombe changu kilikaa peke yake chini ya sinki, kisichanganyike na vyao. Najua mtu akikataa kula chakula changu anasema nini."

Ketan akamtazama Wanjugu. Wanjugu akatazama sahani.

"Nenda tu," akamwambia. "Nimechoka."

Ketan akaenda. Simu iliita mara nyingi. Wanjugu akaizima, akalala na gauni lake.

Asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza limechomoza, kengele ya mlango ikalia. Ketan alikuwa na shati lile lile, limekunjamana sasa, midomo imekauka.

"Nimekuja kufungua," akasema. "Chakula cha jana kimebaki?"

"Leo si ndiyo siku ya mfungo?" Wanjugu akauliza, hajamwachia njia.

"Kwa mama, ndiyo. Mfungo hufuata mwezi, lakini siku yenyewe huhesabiwa kwa jua la pale ulipo. Jana Kisumu jua lilichomoza mapema, siku ya kumi na moja ya mwezi ikiwa bado haijaingia. Kwa hiyo mama anafunga leo. Hapa jua lilichelewa, kama kawaida yake majira ya baridi, likakuta imeshaingia. Mimi mwenyewe nilikuwa nafuata kalenda ya mama. Jana asubuhi ndipo nikaambiwa hekaluni."

"Na hukunipigia?"

"Ulikuwa umeshaloweka maharagwe, Wanjugu. Nilikosa ujasiri."

Anti Jennifer alikuwa amesimama nyuma, kanga mabegani. "Na mimi je? Mbona hukunieleza mezani?"

Ketan akatazama viatu vyake. "Ulitaja kikombe, Anti. Kwetu pia kilikuwepo kikombe kama hicho. Dada wa kazi aliyenilea alikitumia mpaka akaondoka. Baada ya wewe kukitaja, ningeanza vipi kukueleza habari za mwezi?"

Anti akageuka, akaenda jikoni. Wakasikia friji inafunguliwa, sufuria inawekwa juu ya jiko.

Ketan akala mukimo na maharagwe ya jana kwa mkono, haraka, kama mtu anayezima moto. Wanjugu akakaa karibu naye, kichwa kikamwangukia begani, naye akamwacha.

"Anti," Ketan akasema, mdomo umejaa, "nakuomba nimwoe Wanjugu."

"Unamwomba na maharagwe kwenye kidevu?"

"Ndiyo, Anti."

Anti akampangusa kidevu kwa ncha ya kanga yake, kwa nguvu, kama mtoto mdogo.

"Mwombe yeye mwenyewe," akasema. "Mimi narudi kulala."