Volksi ya Baba Dagim

Kontrola ya tatu ilipoungua haikunuka plastiki. Ilinuka kahawa, tena kahawa inayokaangwa, ile dakika buni zinapoanza kutoa mafuta.

Dagim aliinama nyuma ya ile Volksi ya mgongo wa kobe, pale ilipokaa zamani injini ya petroli na sasa imefungwa mota ya umeme. Kile kisanduku cha chuma, ambacho kazi yake ni kuipimia mota umeme wa betri kadiri dereva anavyokanyaga, kilikuwa cheusi tii. Akasonya, akampigia simu Nebiyu, muuza vipuri wa soko la Merkato.

"Umeniuzia takataka tena!"

"Kaka, kontrola hizo hizo zinatembea mji mzima. Gari lako hilo lina mambo yake."

"Mambo yake ni wewe, mwizi mkubwa!" Akakata.

Wenzake Addis waling'oa injini kwa sababu ya bei ya petroli. Dagim aling'oa ya kwake ili gari linyamaze. Lilikuwa la marehemu baba yake, na utoto wake wote, mlio ule wa tak-tak-tak ulipoanza kusikika kule kona ya chini, mama yake, Tsehaynesh, aliacha chochote alichokuwa anafanya, akajibana ukutani na mkono mmoja usoni. Mlango ukifunguliwa alisema kwa sauti ndogo, "Karibu, baba Dagim." Halafu kipigo.

Asubuhi mzee alilia machozi. Eti si yeye, ni zar wake, jini aliyemrithi kwa babu zake, anayempanda mtu kama farasi. Kila Jumapili alimimina kikombe cha kwanza cha kahawa juu ya injini, jini anywe atulie humo. Na mtaa mzima ukampa pole. Pole! Mke ndiye aliyevunjwa jino, pole anapewa mpigaji.

Kwa hiyo mzee alipozikwa, Dagim aliitoa ile injini akaiuza chuma chakavu, na akaapa kwamba mama yake atapanda gari lile lile kwenda kanisani, amekaa mbele, bila kusikia ule mlio tena maishani mwake. Hicho tu ndicho alichokitaka.

"Dagim." Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, shuka jeupe limemfunika mpaka kidevuni. "Umesikia harufu?"

"Plastiki, mama."

"Mwanangu, mimi sijui kahawa? Hajapata kikombe chake tangu uitoe ile injini. Tumpe kimoja tu, tuishi kwa amani."

"Nikimpa nimekubali yupo! Na kama yupo, basi baba hakukupiga. Haya niambie, nani alikuvunja jino? Mtaje!"

Mama yake alitazama chini. Dagim alitamani kupasua kitu.

Alinunua kontrola ya nne kwa muuzaji mwingine, akabadilisha nyaya zote, akaweka feni ya kuipoza. Aliiwasha mchana, mvua ya mawe ikitwanga bati la banda. Taa ikawaka kijani, akasubiri aone moshi, na badala ya moshi ukaja mlio, kwanza chini ya kelele za mvua, kisha juu yake, tak-tak-tak, mlio wa injini isiyokuwepo, injini aliyoibeba kwa mikono yake mwenyewe na kuiona ikitupwa kwenye lundo la vyuma, na mota haikuwa inazunguka, magurudumu yalikuwa yamenyanyuliwa kwa jeki, hayagusi chini, lakini kiti cha dereva kilikuwa kinabonyea polepole kama kinavyobonyea mtu mzito akikaa, na alipogeuka kumtafuta mama yake alimkuta uani amejibana ukutani, mkono usoni, mama wa watu, mvua inamlowesha naye hajui.

Hakuwa peke yake. Mama Bafena, mganga wa zar, alikuwa ameshaingia uani na jogoo mwekundu kwapani, na chini ya upenu jiko la mkaa lilikuwa tayari na birika la udongo juu yake. Mama yake Dagim ndiye aliyemwita kwa siri.

"Zar hafukuzwi, kijana," Mama Bafena alinong'ona. "Anapewa farasi mwingine. Mpishe ahamie kwa huyu jogoo, nami nitaondoka naye."

"Toka kwangu!"

"Dagim, nakuomba," mama yake alisema.

Dagim alilipiga jiko teke, birika likapasuka vipande, jogoo akarukia ukutani akapotelea kwa jirani. Akachukua spana kubwa akaanza kulitwanga gari mgongoni. "Miaka yote umejificha nyuma ya baba! Mwoga wewe! Kama wewe ni mwanaume, nipande mimi! Mimi hapa!"

Mlio ukakatika. Kiti kikainuka.

Mama Bafena alimtazama Dagim, akajifunga shuka lake. Jogoo hakumuulizia. Alimsogelea mama yake Dagim, akamwambia sikioni, "Tsehaynesh, una dada mwenye chumba cha akiba?"

Toka siku ile kontrola haikuungua tena. Ilibaki baridi hata gari lilipopanda mlima wa Entoto. Mama yake alipanda mbele kwenda kanisani, gari kimya kabisa, akacheka akaonyesha lile pengo. Dagim alilia kwa furaha, na haki yake kulia.

Ikafika jioni moja dereva wa lori alimkwangulia gari ubavuni, na juu ya hayo akamtukana. Dagim alirudi damu inamchemka. Gari halikutoa mlio, kwa hiyo hakuna aliyemsikia anakuja. Geti lilikuwa limefungwa.

"Nani amefunga hili geti? Mama! Nani?"

Alilisukuma kwa bega, akaingia ndani. Chumba kizima kilinuka kahawa, lakini jiko lilikuwa na majivu tu, baridi. Akanusa shati lake. Akanusa viganja vyake.

Mama yake alikuwa amejibana ukutani, mkono usoni.

"Unaniangalia hivyo kwa nini?" alifoka. "Ni mimi! Mama, ni mimi!"

Akauona mkono wake wa kulia. Ulikuwa umeshainuka, ngumi imekunjwa, na hakukumbuka ameuinua lini.

"Karibu," mama yake alisema kwa sauti ndogo. "Karibu, baba Dagim."