Ndoo Kwenye Kona Nyekundu

Kondo Mlinga, aliyezikwa Morogoro kabla Hemedi Shemndolwa hajaota meno, aliingia ulingoni akirukaruka. Jasho lilimng'aa mgongoni. Alijikwaruza pua kwa glovu, kama alivyokuwa akifanya enzi za uhai wake, na ukumbi mzima wa Tanga ukasimama kumshangilia marehemu.

Aliyemrudisha hakuwa mganga. Ilikuwa ni mashine iitwayo kifufuzi, iliyoning'inia juu ya ulingo, kubwa kama tangi la maji. Kifufuzi kililishwa mikanda ya mapambano ya zamani, picha za mifupa na vipimo vya hospitali, kisha kikamfuma bondia upya kwa nuru tupu. Kiumbe hicho walikiita kivuli. Kivuli kilihema, kilichoka, kiliumia. Kilisikia pia, maana Injinia Mwantumu Semkiwa, mama wa mashine hiyo, aligundua kwamba wapo mabondia wanaopata nguvu kwa kelele za watu, akavipa vivuli vyake masikio. Vikikutanishwa viwili, hata yeye hakujua nani angeshinda.

Na hilo ndilo watu walilotaka kujua. Miaka nenda miaka rudi, kwenye kibanda cha kunyolea cha Hemedi pale Ngamiani, ubishi ulikuwa huo huo: wafalme hawa wawili wa uzito wa kati wangekutana, nani angelala? Wakubwa walisema Mlinga, kidevu cha jiwe, mtu aliyepigana raundi kumi na tano kwa chai na muhogo. Vijana walisema Hemedi, kwa miguu ile Mlinga angepiga hewa mpaka aombe kiti. Watu walinuniana kwa jambo hili. Kuna mashemeji wawili walisusiana hadi msibani.

Hemedi mwenyewe, sasa mzee wa mvi, alinyoa watu na kucheka. Mashine hakuitaka kabisa. Aliyemshawishi ni kocha wake wa tangu ujana, Sufiani Mbelwa.

"Tuwazibe midomo, ndugu yangu," Sufiani alimwambia. "Wakuone ulivyokuwa. Mimi nitakuwepo kwenye kona, kama zamani."

Kama zamani. Maneno hayo ndiyo yaliyomlainisha Hemedi, kwa sababu zamani hiyo walikuwa na siri yao. Katika mapambano yake ya mwisho ya ubingwa, jicho la kushoto la Hemedi lilikuwa limekufa. Alikariri herufi za ukutani za kupimia macho ili kumdanganya daktari. Ulingoni, Sufiani ndiye aliyekuwa jicho lake. Alikaa na ndoo ya maji kati ya miguu, na kila alipoona mkono wa kulia wa mpinzani unavutwa nyuma, aligonga ndoo kwa vifundo vya vidole. Ko! Hemedi akainua glovu ya kushoto, konde likaishia hapo. Kanuni zilikataza kona kumsaidia bondia raundi ikiendelea. Wakaapiana kwamba siri hiyo wataenda nayo kaburini.

Raundi za mwanzo kivuli cha Hemedi kilicheza mpaka ukumbi ukalewa. Mzee, aliyekaa kiti cha mbele, aliyaangalia magoti yake ya ujana yakikunjuka, akasikia machozi yanamjia. Alifurahi, wala hakuficha.

Raundi ya nne, Mlinga akaanza kuzunguka upande wa kushoto. Akapiga konde moja la kulia. La pili. Yote yakaingia. Kengele ilipolia, sauti ya Injinia Mwantumu ikatoka kwenye vipaza sauti, tulivu kama ya mwalimu darasani.

"Wengi mnajiuliza kulikoni. Yapo mambo ambayo kamera haiyaoni, kwa hiyo kifufuzi huchukua pia ushuhuda wa kona, yaani maelezo ya waliomhudumia bondia. Kwa ushuhuda huo, Shemndolwa alitetea mkanda wake akiwa haoni kwa jicho la kushoto."

Ukumbi ukaanza kunong'ona. Mtu mmoja nyuma ya Hemedi akasema, "Kumbe alikuwa chongo! Katufanya wajinga muda wote huo."

Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua. Mtu huyo alikuwa amekaa kwenye kona nyekundu, kavaa suti, na ndoo ile ile ya zamani imewekwa miguuni pake kwa ajili ya picha.

Kivuli nacho kilikuwa kimeinamisha kichwa kidogo kuelekea kwenye kona hiyo. Injinia aliiona tabia hiyo kwenye mikanda, akaidhani ni mazoea tu, akaiacha. Hemedi peke yake alielewa. Kilikuwa kinasikiliza.

Akainuka, akaenda hadi kwenye kona.

"Sufi. Umewaambia."

"Hemedi, bwana, miaka yote hii wananisema mimi ndiye niliyekumaliza ulingoni." Sufiani hakuinua macho. "Kwamba pambano la mwisho nilikuongoza vibaya, ukapigwa. Nilitaka wajue lilikuwa jicho, si mimi."

"Na ndoo? Ndoo umewaambia?"

Sufiani aliivuta ndoo karibu zaidi na miguu yake.

"Umewapa jicho langu," Hemedi alisema, "ndoo yako ukabaki nayo."

"Kesho navishwa nishani ya makocha. Wakijua nilivunja kanuni..."

Kengele ililia. Kivuli cha Hemedi kilitoka, masikio yakiwa kwenye kona. Mlinga akazungukia kushoto, mkono wa kulia ukaanza kuvutwa nyuma.

"Gonga, Sufi," Hemedi alisema. "Kinakusikia. Gonga mara moja tu, nakuomba."

Mikono ya Sufiani ilibaki juu ya mapaja. Hemedi akajitupa kwenye ndoo, lakini goti lake la uzee likamwangusha, na konde likawa limeshafika. Kivuli kilianguka chali. Ukumbi ulilipuka, watu wakakumbatiana, ubishi wa miaka ukawa umekwisha.

Hemedi aliburuta mwili mpaka kwenye ndoo, akaigonga. Ko!

Pale chini, mwamuzi akiwa anahesabu, kivuli kiligeuza kichwa kwenye kona. Kikainua glovu ya kushoto, kikaziba shavu, barabara kama kilivyofundishwa.

"Kimeinua mkono wa nini?" Injinia Mwantumu aliuliza, kipaza sauti kikiwa bado wazi.

Sufiani aliangalia viatu vyake. Hemedi aligonga tena, taratibu, akaendelea kugonga, ili yule kijana pale chini ajue kwamba kwenye kona kuna mtu.