Mwachie Baba Yake

"Abdihafid, nipe mtoto nimsikie."

"Amelala."

"Saa hizi? Anapumua vizuri? Dawa yake ya kuvuta umeiweka wapi?"

"Arbia, mimi ni baba yake."

Simu ikakatika. Akapiga tena. Hapatikani.

Hani, binti yao wa miaka saba, alikuwa na pumu, na Abdihafid alikuwa ameondoka naye alfajiri kwenda kijijini Kotile kwa mama mkwe wa Arbia, bila kuaga. Alijua akiomba atanyimwa. Wiki chache nyuma, katika ugomvi kama huo huo, alimtamkia Arbia talaka moja. Eda haikuwa imeisha. Waliishi nyumba moja pale Waberi, mjini Garissa, kila mtu na chumba chake, mlango wa kurudiana ungali wazi. Hata hivyo, Abdihafid akimlisha Hani, Arbia alisimama nyuma yake akimsahihisha.

Arbia akawasha gari. Njiani akapigiwa na Weris, msichana aliyemwajiri kuuza maziwa ya ngamia dukani kwake.

"Abaayo, dada yangu, stima zimepotea. Jirani yetu Nunow ana jenereta, amekubali niweke maziwa kwa friza yake."

"Usiguse kitu mpaka nirudi."

"Lakini hili joto, dada..."

"Weris, nimesema usiguse."

Alipofika Kotile, alikuta kifua cha Hani kinalia filimbi. Mtoto alikuwa mapajani mwa baba yake, mabega yakipanda na kushuka.

"Nipe hiyo dawa," Arbia alisema, mkono mbele. "Hujui kuishika. Nipe."

Hani alimwona mama yake, akaanza kulia. Pumzi ikazidi kubana.

"Anaogopa kwa sababu wewe unaogopa," Abdihafid alisema bila kuinua macho. "Kaa chini, tafadhali."

Moyo ulimwambia Arbia ampokonye. Akakaa mchangani, akaikalia mikono yake.

"Vuta, Hani. Shikilia. Haya, toa polepole. Tena."

Kifua kikatulia kidogo kidogo. Muuguzi wa zahanati, aliyekuwa ameitwa mapema, akaja, akamsikiliza, akasema yuko sawa.

"Hooyo," Hani alimwambia mama yake kwa sauti ya kukwaruza, "ayeyo amenipa ndama wa ngamia. Nimlee mimi."

Ayeyo, yaani nyanya yake, alipomchukua ndani, Arbia aligeuka.

"Ungeniambia unaondoka naye."

"Ungekubali?"

"Singekubali."

"Nilikosa hata hivyo. Na lile neno la talaka nililitamka kwa hasira, linanitafuna. Lakini sitaki kurudi kuwa mfanyakazi wako, Arbia. Nataka kuwa mume wako."

"Alipozaliwa tulikaribia kumpoteza. Nikiachilia tu, naona atakufa."

"Nilikuwa pale pia."

Miaka yote hiyo Arbia hakuwahi kumuuliza yeye aliogopaje.

Ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Ni Weris: "Maziwa yote yameharibika. Ulisema nisiguse."

Aliusoma mara mbili, akajibu: "Kosa ni langu, si lako. Kuanzia leo likitokea jambo, amua wewe."

Akasimama, akajipangusa mchanga.

"Narudi Garissa. Nyinyi mtakuja mkiwa tayari."

"Na Hani?"

"Si yuko na baba yake?"

Abdihafid akamwita mama yake atoke nje, naye akaja na Hani.

"Mama, shuhudia. Nimemrudia mke wangu."

"Alhamdulillahi," mama akasema.

Arbia alijifunika uso kwa shungi lake, akalia kidogo. Halafu akaingia garini, akaishika njia ya Garissa peke yake, Hani akimpungia mkono kutoka mabegani mwa baba yake.