Nani Kamvua Kenge Viatu?

Felisita alirudi kutoka harusini Migato Jumapili alasiri, akafungua geti la nyumba yake pale Bariadi, akakuta gari lake la spoti liko palepale alipoliacha, lakini halina gurudumu hata moja.

Alilizunguka mara mbili. Halafu akapiga yowe lililowatoa majirani kwenye chakula.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, milango miwili, viti viwili, limelala chini kiasi kwamba mji mzima uliliita Kenge. Wenye magari ya namna hiyo huyafunika turubai na kuyatoa siku ya sikukuu. Felisita, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, alilitumia kama wengine wanavyotumia baiskeli. Alikwenda nalo mashineni, sokoni, kanisani, na hata Ipililo kwa mama yake, akirudi na viazi vitamu nyuma ya kiti. Pumba zilikuwa zimeingia mpaka kwenye redio. Migato alikwenda na gari la kaka yake kwa sababu walikuwa watano, na Kenge hakubali wa tatu.

Polisi walimtuma Sajenti Milembe. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye tabia ya kuuliza swali na kunyamaza mpaka aliyeulizwa aanze kuogopa ule ukimya. Aliinama, akachungulia chini ya gari, akakaa huko muda mrefu.

"Mama Feli," alisema alipoinuka, "hebu njoo utazame. Ulishawahi kuona mwizi wa hivi?"

Kenge alikuwa amekalishwa juu ya vipande vinne vya gogo, na juu ya kila gogo kulikuwa na kipande cha godoro ili chuma kisichubuke. Nati zote za magurudumu zilikuwa ndani ya kopo la siagi, zimepakwa grisi. Kopo lilikuwa juu ya kiti cha dereva, na chini yake limetandikwa gazeti lisije likachafua kiti. Waya wa betri ulikuwa umechomolewa na kufungwa kitambaa. Bomba la moshi lilikuwa limezibwa kwa tambara safi, panya wasiingie.

"Uliliacha hivi linang'aa?"

"Wapi! Lilikuwa na vumbi la wiki nzima."

"Kwa hiyo mwizi ameliosha."

"Ameliosha," alisema Felisita kwa uchungu, kama anayetaja tusi.

"Na redio?"

Felisita alichungulia. "Ipo. Pumba ndiyo hazipo."

Milembe alishusha pumzi. Mwizi wa kawaida huacha gari limelala juu ya tumbo lake na nati zimetapakaa uwanjani. Huyu alikuwa ameliandaa gari lilale usingizi mrefu. Kwenye udongo kulikuwa na alama ya tairi moja jembamba, ikienda na kurudi, ikienda na kurudi, mpaka barabarani, ambako ng'ombe walikuwa wamepita na kuifuta.

"Toroli," alisema. "Amebeba moja moja. Haishi mbali."

Wakati huo Mzee Danford alikuwa ameshafika na turubai begani. Alikuwa mstaafu wa kilimo, anakaa mtaa wa pili, na ndiye aliyemuuzia Felisita gari hilo mwaka uliopita. Kabla ya hapo alikuwa amekaa nalo miaka kumi na moja, na watu wa Bariadi walilijua kwa sauti tu, maana aliliwasha bandani na kulizima bila kulitoa.

"Pole sana, binti yangu," alimwambia Felisita. "Tulifunike. Jua linaua rangi." Akalifunika mwenyewe, akivuta kona za turubai taratibu. "Haya. Angalau litapumzika kidogo."

Felisita alimshukuru, kisha akamvuta Milembe pembeni. "Sajenti, usihangaike na toroli. Ni Kristofa."

Kristofa alikuwa jirani wa upande wa pili wa ua wa minyaa, mfugaji aliyehamia mjini na ng'ombe wake wote. Milembe alimkuta akikamua.

"Mwadila, baba," alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Kama umekuja kwa ajili ya lile gari, mimi nimefurahi. Andika hivyo."

"Umefurahi?"

"Sana. Kila asubuhi likiwashwa, huyu hapa anarusha teke ndoo inamwagika. Ng'ombe wangu mmoja ameharibu mimba. Nilikwenda kwa mtendaji, mtendaji akaniambia eti sheria ya muungurumo haijui."

"Kwa hiyo uliamua kuyatoa magurudumu."

"Mayu, ningeamua mimi, leo usingekuta hata usukani." Kristofa aliacha kukamua. "Lakini mimi natoa pongezi tu, kazi kafanya mwingine. Nilimwona."

Milembe alinyamaza. Kristofa akaanza kusogeza ndoo huku na huku.

"Niliona miguu," alisema. "Watu wako kanisani. Mimi nachungulia kwenye minyaa, naona mtu amelala chini ya gari, ovaroli ya bluu, miguu imejitokeza. Nikajua ni fundi. Nikasema, basi limekufa, Mungu mkubwa. Ila alikuwa fundi wa ajabu."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anaongea nalo. Kwa sauti ya chini. 'Pole, mama. Pole. Ni kidogo tu, vumilia.' Nilidhani kuna mtu mwingine, kumbe ni yeye na gari. Mimi naongea na ng'ombe, lakini ng'ombe anageuza shingo!"

"Sauti uliitambua?"

"Mtu anayebembeleza sauti yake inabadilika, mayu. Hata ya mke wangu sitaitambua, sijaisikia siku nyingi."

Mwenye ovaroli ya bluu aliyejulikana na wote alikuwa Mihayo, fundi wa kijiwe cha karibu na stendi. Zaidi ya hapo, alishawahi kusema mbele za watu kwamba rimu za Kenge, zikifika Mwanza, zinaweza kumwoza mtoto wa kiume. Milembe alimfuata jioni ileile.

"Leo mchana ulikuwa wapi?"

"Kwaya," alisema Mihayo. "Uliza usharika mzima. Mimi ni besi."

Waliokuwa kijiweni waliitikia bila kuulizwa. Mmoja alisema hata angetaka kutoroka ibadani isingewezekana, kwa sababu Mihayo akinyamaza madirisha huacha kutetemeka.

"Na rimu ulisema unazitamani."

"Nazitamani mpaka kesho. Lakini sajenti, hata ningetaka kuziiba nisingeweza. Mama Feli hajakwambia habari ya nati za kufuli?"

Hakuwa amemwambia. Mihayo alifuta mikono, akaeleza. Kila gurudumu la Kenge lina nati moja isiyofanana na nyingine. Haifunguki kwa spana ya kawaida, inataka soketi maalumu, na soketi hiyo ni moja tu, ilikuja na gari lenyewe. Ndiyo maana Kenge akipata pancha, Mihayo humziba gurudumu likiwa palepale kwenye gari.

"Na bila soketi?"

"Nyundo na patasi. Nati inaharibika, na rimu inachubuka vibaya."

Milembe alikuwa amelibeba lile kopo la siagi kama kielelezo. Alilifungua, wakazimwaga nati juu ya gazeti. Nati nne za kufuli zilikuwepo, laini, hazina hata alama ya jino. Mihayo alizigeuza moja moja kwenye mwanga wa mwisho wa jua, akapiga mluzi.

"Hizi zimefunguliwa na mwenye soketi," alisema.

"Na soketi iko wapi?"

"Mimi nilimwomba Mama Feli. Akasema alipolinunua gari, aliyemuuzia alimwambia ilipotea."

Milembe alizirudisha nati kwenye kopo moja baada ya nyingine. Hakuwa na swali jingine.

Jumatatu asubuhi alimchukua Felisita, wakaenda mtaa wa pili. Mlango ulifunguliwa na Lucy, mke wa Mzee Danford, mwanamke mwembamba mwenye macho ya mtu anayesubiri utani.

"Mwangaluka, mayu," alisema Milembe.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola. Mzee yupo?"

"Yuko chumba cha wageni. Tangu jana hataki mtu aingie, anasema amepaka rangi. Mimi sijasikia harufu ya rangi, nasikia harufu ya sabuni."

Danford alitoka haraka, akaufunga mlango nyuma yake na kuuegemea. Toroli lilionekana wazi uani, limeoshwa.

"Mzee wangu," alisema Milembe, "nakuja kwako kwa heshima. Mwizi niliyemtafuta hakugusa redio. Alichomoa betri isife, akaziba bomba la moshi, akapaka nati grisi. Huyo hakuja kuchuma, alikuja kutunza. Alizitoa nati za kufuli bila kuzikwaruza, kwa hiyo soketi anayo. Alibeba kwa toroli, kwa hiyo anaishi karibu. Na Kristofa alimsikia akiliambia gari pole. Sasa niambie, Bariadi hii ni nani anayeliambia pole gari la mtu mwingine?"

Alinyamaza. Danford alitazama ukuta, akatazama viatu vyake, akamtazama mkewe. Mwisho akasogea pembeni, na mlango ukajifungua wenyewe.

Magurudumu manne yalikuwa yamelala kitandani, meusi, yameng'arishwa, yamefunikwa nusu kwa blanketi la wageni.

"Blanketi langu!" alisema Lucy.

"Sikuiba," alisema Danford. "Niliyaweka tu."

"Uliyaweka kwako, mzee. Kisheria huo ni wizi," alisema Milembe.

"Aliniahidi!" Danford alimgeukia Felisita, sauti ikimpasuka. "Nilikuuliza utalitunza? Ukasema nitalitunza. Mimi miaka kumi na moja sikulipeleka popote. Halijawahi kunyeshewa. Wewe umelitia viazi! Umelitia pumba! Nilivumilia. Kila siku nilisema, Danford, si lako tena. Mpaka siku ya mnada. Nimesimama barabarani, naliona linakuja, na kwenye kiti cha abiria amekaa mbuzi. Amefungwa mkanda. Alinitazama, Felisita. Mbuzi alinitazama usoni."

"Asingefungwa mkanda angeniangukia," alisema Felisita.

"Nikaona bila magurudumu halitakwenda popote. Litakaa. Litapumzika. Nilikuwa nikuambie."

"Lini?"

Danford aliingia chumbani, akanyoosha kona ya blanketi.

Felisita alikuwa amekasirika kweli. "Mzee, baba yangu alikuwa na kabati la vyombo vya wageni. Vikombe vya maua. Sisi watoto tulinywea makopo. Amekufa hajawahi kuvinywea, na siku ya msiba vilivunjwa na watu tusiowajua. Nilipopata pesa yangu nilisema, kizuri changu nitakitumia nikiwa hai. Kuna ubaya gani?"

"Lakini oili hubadilishi!" alilia Danford. "Nimeipima, ni nyeusi kama lami! Unalitumia sawa, lakini unaliua!"

Felisita alianza kuhesabu miezi kwa vidole, akaacha. Hilo lilikuwa kweli.

Ndipo Lucy alipocheka, cheko fupi lisilo la furaha sana. "Ngojeni kwanza. Mbuzi amekaa kiti cha mbele?"

"Amekaa," alisema Danford.

"Miaka kumi na moja, Danford. Nilikuambia nipeleke Lamadi tukale samaki. Ukasema ngoja barabara ikamilike. Barabara ikakamilika, ukasema ngoja mvua zipite. Banda la gari lina sakafu ya simenti, jiko langu ni la udongo. Nikakulazimisha uliuze. Na sasa naambiwa mbuzi amekaa kabla yangu?"

Hapo Danford aliketi kitandani, katikati ya magurudumu, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyeiba kitu.

Milembe alikohoa. "Mama Feli, jalada liko mikononi mwako. Unaendelea na shauri?"

Felisita aliwatazama wote wawili. "Ayarudishe kwa mkono wake, na soketi anipe. Oili abadilishe yeye. Halafu ampeleke mama Lamadi kwa gari langu, leo leo. Akikataa, mpeleke kituoni."

Kabla ya saa sita magurudumu yalikuwa yamefungwa na oili imebadilishwa. Danford alitandika gazeti kwenye kiti cha abiria. Lucy akalitoa, akalikunja, akalitupa nje kwa dirisha. Waliondoka polepole hata baiskeli yenye gunia la mkaa ikawapita. Walipofika barabara ya lami, Felisita na Milembe walisikia kwa mbali injini ikibadilisha sauti, mara moja, kisha tena.

Alasiri walikuwa hawajarudi. Jua lilipoanza kuegemea, Felisita alikuwa anatembea kutoka getini mpaka ukumbini, na Milembe, aliyepitia baada ya kazi, alianza kufikiria namna ya kuandika wizi mpya, mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Kenge aliingia akiwa amejaa wadudu kwenye kioo, matope mpaka milangoni, na mchubuko mrefu chini ya bampa. Ndani kulinuka samaki. Lucy alishuka na kilemba kimefumuka, anacheka mwenyewe, akapita moja kwa moja kwenda kutafuta maji ya kunywa.

Danford alishuka, akauinamia ule mchubuko. Felisita alijiandaa kumbembeleza.

"Ni tuta la pale Lamadi," alisema Danford. "Sikuliona. Tulikuwa tunakimbia." Aliupapasa kwa kidole, akajifuta mkono kwenye suruali, akatazama kama mkewe yuko mbali. Kisha akasogea karibu na kushusha sauti.

"Binti yangu, hivi Jumamosi unakuwa na kazi nalo?"