Saba Mara Nane

Jirani za Nicanor hawakujua saba mara nane. Hilo ndilo lililomkera kwanza, kabla ya lile la kumtisha.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba. Chuo cha walimu cha Thika kilikuwa kimejaa pomoni, kwa hiyo wanafunzi wengine walilazwa Gitothua, upande wa Ruiru, katika jengo refu la mabati lililogawanywa vyumba kwa mbao. Saa nane mchana, wakati wa kujisomea, chumba cha jirani, cha mwisho kabisa, kilianza. Kwanza mabenchi yaliburutwa. Kisha kikohozi, kicheko kimoja, halafu sauti za watoto zikaimba tebo ya saba. Saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne. Zilipanda bila kukosea mpaka saba mara saba, arobaini na tisa. Saba mara nane... Hapo zilikwama. Miguu ilisuguana sakafuni, kisha wakarudi mwanzo kabisa.

Mara kumi kwa mchana mmoja, na kesho yake tena. Hata padri angewatupia kiatu.

Nicanor hakuwa padri. Alikuwa kijana wa Alego aliyekwisha kuanguka mtihani wa kufundisha mara moja, na sheria ya chuo ilikuwa wazi: ukianguka mara ya pili, fungasha. Nyumbani, baba yake alikuwa amesimama kanisani akatangaza kwamba mwanawe ni mwalimu, na watu wakapiga makofi. Mtihani ulikuwa Ijumaa ya wiki ile, Thika, mbele ya mkaguzi. Nicanor alikuwa na siku nne za kuandaa somo, na kichwani mwake hamkuwa na kitu ila saba, saba, saba.

Alikwenda kwa msimamizi wa bweni.

"Chumba cha mwisho ni stoo ya simiti," msimamizi alisema bila kuinua macho. "Kimefungwa tangu tuingie hapa."

"Basi simiti inasoma hesabu, bwana."

"Wewe umeshaanza kutafuta kisingizio cha kuanguka."

Alirudi chumbani kwa hasira. Mwenzake wa chumba, Zacharia Kagwe, mwenyeji wa palepale Gitothua, alikuwa amelala kifudifudi, mto kichwani.

"Kwani wewe husikii?" Nicanor aliuliza.

"Nasikia. Wachana nao."

"Niwachane nao namna gani? Mtu akikaa karibu na wajinga hawa wiki moja, na yeye atasahau."

Nyuma ya mbao walikuwa wamefika tena. Saba mara saba, arobaini na tisa. Saba mara nane... Na hapo Nicanor akafanya kosa ambalo mwashi asingefanya, wala dereva, wala mtu mwingine yeyote ila yule anayesomea ualimu. Alipiga ngumi ukuta akapaza sauti:

"Hamsini na sita! Hamsini na sita, nyinyi watoto!"

Chumba cha jirani kilinyamaza. Kagwe aliketi polepole, uso umemsawijika. Mabenchi yakalia yote kwa pamoja, kama darasa linaposimama, na sauti zikasema kwa adabu kubwa, karibu kabisa na mbao:

"Asante, mwalimu."

Kagwe alikuwa ameshaanza kufunga shuka zake.

"Hapa palikuwa shule yetu," alinong'ona. "Mimi nimesoma hicho chumba. Mwaka wa hamsini na mbili askari walikuja wakachukua mwalimu, shule ikafungwa. Tulikuwa hapo hapo, saba mara nane. Hakumaliza."

"Kwa hivyo ni watoto wenzako?"

"Wenzangu wako wazima. Wengine wanavuna kahawa hapo chini." Kagwe alikaza fundo la shuka. "Sisi tulikuwa thelathini tu. Lakini tukisema tebo, ungesikia kama sitini. Mwalimu alikuwa anasema ni mabati inarudisha sauti."

Kagwe alihamia chumba cha mbele jioni hiyohiyo. Nicanor akabaki peke yake, na kama alidhani amewapa jibu wakaridhika, alijidanganya. Kesho yake hawakungoja saa nane. Alikuwa ananyoa ndevu walipogonga mbao kwa vidole, vidole vingi, taratibu. "Mwalimu, tumemaliza saba." Alipokunywa chai waligonga. "Mwalimu, tupe ya nane." Alipokataa kujibu walilia, kilio cha watoto waliokosa chakula, na alipojibu ili anyamazishe kilio walitaka ya tisa. Harufu ya chaki na ya manyoya yaliyolowa ikapenya kwenye mbao, ikakaa katika nguo zake, ikamfuata mpaka mezani.

Mzee Munyao, mpishi wao kutoka Machakos, aliinusa alipokuwa akimpakulia uji. Alichukua ufunguo wa stoo, akamwambia, "Kuja, kijana yangu."

Magunia ya simiti yalikuwa yamepangwa ukutani; benchi halikuwapo hata moja. Sakafu nzima ilikuwa na vumbi la kijivu, na katika vumbi hilo palikuwa na alama za makalio madogo yaliyoketi, safu kwa safu, safu kwa safu mpaka nyuma. Mbele yao paliachwa nafasi safi ya mtu mmoja kusimama.

"Hii ni majini," Munyao alisema kwa sauti ya chini. "Ilipenda shule ikakaa na watoto. Watoto walienda, hii ikabaki kungojea. Sasa imepata mwalimu."

"Itoe, mzee."

"Mimi siwezi. Itatoka mahali uko ukiiambia wewe si mwalimu. Lakini iwe kweli. Ukidanganya, itajua."

Nicanor alicheka kwa uchungu. Miaka miwili ya kusomea ualimu, na dawa yenyewe ndiyo hiyo. "Ijumaa nina mtihani, mzee."

"Basi Ijumaa utakuwa mwalimu wake kabisa," Munyao alisema, akafunga mlango.

Ijumaa, katika shule moja ya Thika, Nicanor alisimama mbele ya darasa la tatu. Mkaguzi, Bwana Waweru, aliketi nyuma na tai yake na daftari lake, mtu wa kuandika zaidi ya kutazama. Nicanor aliandika hesabu ubaoni, akauliza swali, na jibu likaja papo hapo, sahihi, kwa sauti moja nene.

"Vizuri sana," Waweru alisema, kalamu ikikimbia. "Endelea."

Nicanor aliuliza la pili, na jibu likaja kabla hajamaliza, na harufu ile ya manyoya ikajaa darasani, na ndipo alipowatazama watoto akaona kwamba midomo yao iko wazi lakini haisogei, koo zimewatutumka, na yule msichana mdogo wa benchi la kwanza, Wakonyo, amejishika shingo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, huku sauti za watoto thelathini zikimpita kinywani kama maji mferejini, zikiita mwalimu, mwalimu, mwalimu, na nyuma kabisa Bwana Waweru anatabasamu na kumwandikia alama ambazo hajawahi kuzipata maishani.

Angeweza kunyamaza. Dakika kumi zaidi, cheti kingekuwa chake. Alimfikiria baba yake kanisani, akamtazama Wakonyo, akaweka chaki chini.

"Mimi si mwalimu," alisema.

Sauti zikakatika. Watoto wakavuta pumzi, wakaanza kulia kwa sauti zao wenyewe. Waweru alisimama, akafuta ukurasa mzima kwa mstari mmoja.

"Watoto, nendeni nje," alifoka. Darasa lilipobaki tupu alimgeukia Nicanor. "Somo zuri hivi, unaliharibu kwa woga. Umeanguka. Rudi kwenu ukachunge mbuzi. Lakini kabla hujaenda, simama hapo mlangoni nikuonyeshe mwalimu ni mtu wa namna gani."

Nicanor alifungua kinywa amwonye. Moyo ulimuuma kwa cheti, kwa miaka miwili, kwa aibu inayomngoja Alego, na alipokitazama kile kitabasamu cha dharau, onyo likamfia mdomoni.

"Lete chaki," Waweru alisema. Aliyageukia mabenchi matupu, akakaza tai. "Habari, watoto? Mimi ndiye mwalimu wenu."

Nicanor alimpa chaki kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akatoka. Nyuma yake, darasani mlimokuwa na mtu mmoja tu, mabenchi yalisogea.