Amethisto Iliyotiwa Tanurini

Kila Jumamosi baada ya kifungua kinywa, meza ya jikoni ya akina Reidenbach iligeuka kuwa mahali pa kuogeshea mikufu. Babu Edmund alileta bakuli la maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini wa mtoto. Alikuwa mchonga vito kama baba yake, na katika mji wao wa Idar mtu wa kazi hiyo hakukubali kuona familia yake imevaa kito kichafu.

"Maji ya moto?" aliuliza, kama alivyouliza kila wiki.

"Hapana," walijibu wajukuu wake wawili kwa uvivu.

"Na lulu ya mama yenu?"

"Haizamishwi. Inafutwa tu kwa kitambaa."

"Mkufu unavaliwa lini?"

"Mwisho kabisa, baada ya nywele na manukato. Halafu unavuliwa kwanza. Babu, tunajua!"

Kila mmoja alikuwa na kito cha mwezi aliozaliwa. Rike, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa mtoto wa Februari, na kito chake kilikuwa amethisto ya zambarau. Jiwe hilo lilichimbwa na marehemu bibi yao kwa mkono wake, kwa sururu, katika shimo la zamani juu ya kijito. Mdogo wake Hedda, mwenye miaka kumi na mmoja, alizaliwa Novemba, na alivaa sitrini ya rangi ya asali. "Novemba ya kwetu haina jua," Babu alimwambia siku alipomvalisha mara ya kwanza, "kwa hiyo nimekupa lako." Tangu siku hiyo Hedda aliamini kwamba jiwe lake lilitoka ardhini likiwa na rangi ileile, na aliringa nalo shuleni mpaka wenzake wakachoka kumsikiliza.

Jumatatu aliringa kupita kiasi. Wakati wa mapumziko alimcheka Annelie Fuhr mbele ya watu kwa sababu kito chekundu cha Annelie kilikuwa kioo. Annelie hakuwa mtu wa kuchekwa akanyamaza. Mama yake aliuza vito kwa wageni, na mambo ya vito aliyajua.

"Angalau kioo changu hakidanganyi," alisema Annelie. "Hiyo yako unaijua ilikotoka? Ni amethisto, bibie! Babu yako aliitia tanurini ikaiva kama mkate. Novemba yako ni Februari iliyookwa!"

"Mwongo!"

"Kamuulize. Mji mzima unajua, isipokuwa wewe."

Darasa zima lilicheka, na siku nzima kila Hedda alipopita mtu alinusa hewa na kusema, "Mmh, mkate!" Masikio yalimwaka. Alitamani kumrukia Annelie, lakini aliyemkasirisha zaidi alikuwa Babu.

Nyumbani alimkuta Rike mbele ya kioo, amevaa gauni jipya la kipaimara. Jumapili iliyokuwa ikija Rike angesimama kanisani mbele ya ukoo wote, na kwa majuma mawili hakuwa na habari nyingine mdomoni.

"Dada, ni kweli jiwe langu lilichomwa?"

"Kwani hukujua?" Rike aliangua kicheko bila hata kugeuka. "Maskini wee! Karibu sitrini zote za hapa ni amethisto zilizopita motoni. Umevaa kito changu kilichoiva, mdogo wangu. Usininyanyulie pua tena."

Hedda alitoka na kuubamiza mlango. Usiku ule Babu alipomuuliza mezani kama anaumwa, alimjibu kwa kupandisha mabega.

Kesho yake hasira ilikuwa bado mbichi. Mama yao, muuguzi, alikuwa zamu, Rike alikuwa mazoezini kanisani, na Babu alikwenda kumpelekea mteja vito vyake. Hedda alifungua kimfuko cha kitambaa cha dada yake, akatoa mkufu na kushuka nao kwenye karakana iliyokuwa chini ya nyumba. Kwa koleo dogo alivipinda vijino vya fedha vilivyoshika amethisto mpaka ikadondoka kiganjani.

Alishamwona Babu akichoma mawe mara nyingi. Babu huyafukia mchangani, hupandisha moto kidogo kidogo, kisha huacha tanuri lipoe lenyewe bila kuligusa. Kazi hiyo humchukua siku tatu. Hedda hakuwa na siku tatu wala hakuzitaka. Aliiweka amethisto kwenye kibakuli kitupu, akaifungia ndani ya tanuri la umeme na kuzungusha kitufe hadi mwisho.

"Tuone kama atacheka tena," alijisemea.

Baada ya saa moja na nusu hakuweza kungoja zaidi. Alifungua mlango, akakishika kibakuli kwa koleo refu na kukimwaga kito juu ya bamba la chuma. Kililia pa! Kilikuwa kimebadilika rangi kuwa njano ya kahawia, tena kimekuwa na ukungu, na mbele ya macho yake kilipasuka vipande vitatu.

Hedda alisimama kinywa wazi. Alikuwa ametaka kumkomoa dada yake, hakuwa ametaka hiki. Vipande vilipopoa alivifunga kwenye leso, akavitia mfukoni, akaficha mkufu mtupu chini ya godoro na kuzima tanuri. Halafu alikasirika upya, safari hii bila kujua amkasirikie nani.

Jumatano mchana Rike alifungua kimfuko chake akakuta hakina kitu.

"Babu! Mkufu wangu uko wapi? Wewe ndiye uliyeuogesha Jumamosi!"

"Niliurudisha," alisema Babu.

"Hukuurudisha! Kimfuko kitupu, angalia! Juzi umesahau miwani kwenye friji, na sasa umepoteza jiwe la Bibi!"

Babu alikipindua kile kimfuko, akakikung'uta. Akashuka karakanani. Hedda alimfuata hadi mlangoni na kumwona akipiga magoti, miaka yake sabini na sita, akikusanya vumbi la sakafuni kwa brashi na kulipitisha kwenye chujio. Aliinua mbao, akatazama nyuma ya gurudumu la kusagia, akageuza mifuko ya aproni yake nje. Alipomaliza alianza tena mwanzo.

"Naona nimerudisha," alinong'ona peke yake. "Lakini mkono haukumbuki." Alimwona Hedda, akajaribu kutabasamu. "Pengine wakati umefika, mjukuu wangu. Mtu asiyejua alikoweka kito cha mkewe hafai kushika vito vya watu. Nitamwambia mama yenu nifunge karakana."

Hedda aliingiza mkono mfukoni, akaishika leso. Angeweza kunyamaza, na Babu angeamini mpaka mwisho wa maisha yake kwamba amechakaa akili. Alimkasirikia mzee yule kwa kupiga magoti, akajikasirikia yeye mwenyewe maradufu, na maneno yakamtoka kwa kelele.

"Inuka! Inuka huko chini, Babu! Hujapoteza chochote! Ni mimi! Nimeioka, kama wewe ulivyooka ya kwangu ukaniambia ni jua! Annelie kaniambia!"

Aliitupa leso juu ya meza. Vipande vitatu vilidondoka.

Babu aliinuka polepole, mkono mmoja juu ya meza. Alivitazama vile vipande, kisha akaipiga meza kwa ngumi mpaka makoleo yakaruka.

"Nimetambaa kwenye vumbi!" alifoka. Hedda hakuwahi kumsikia akifoka. "Nimejiona sina akili tena, na wewe umesimama hapo mlangoni unaniangalia! Kwa jiwe nitakusamehe. Hilo la kuniangalia tu, hilo baya, Hedda. Baya sana!"

Rike alikuwa ameshafika ngazini. Alipoviona vipande alishuka hadi mezani. Aliokota kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Bibi alilichimba," alisema. Kisha sauti ikampasuka. "Bibi alilichimba kwa mikono yake, wewe shetani mdogo! Kwa sababu ya nini? Kwa sababu nilicheka?"

"Chukua changu!" Hedda alilia akivua mkufu wake. "Chukua, uvae Jumapili!"

"Sitaki huruma yako! Mimi ni wa Februari!" Rike alipanda ngazi mbio, na nyumba nzima ilisikia mlango wake.

Babu alikaa kwenye kiti cha kazi. Aliposema, hasira ilikuwa bado imo sautini, ila imeshushwa.

"Annelie hakukudanganya. Kito chako ni amethisto iliyochomwa. Mji huu umechoma mawe tangu kabla baba yangu hajazaliwa, na si aibu, mradi useme. Nilichagua jiwe lako kati ya arobaini, nikalifukia mchangani, nikalilinda siku tatu. Nilipaswa kukuambia. Nilipenda ulivyofurahi, nikaacha uamini. Hilo kosa ni langu, nami nakuomba radhi. Sasa la kwako ni lipi?"

"Nimeharibu jiwe la Bibi," alisema Hedda kwa kwikwi. "Na nimekuacha utafute."

"Mama yako akirudi, utamwambia hivyohivyo. Mimi sitakusaidia hata neno moja."

Mama alimsikiliza Hedda akiwa bado amevaa sare ya kazi, viatu mkononi. Alimkasirikia kwelikweli.

Jumapili Rike alipata kipaimara shingo tupu. Mara mbili kanisani alipeleka mkono kifuani, akakuta hakuna kitu, akaushusha. Hedda, kwenye benchi la tatu, aliona mara zote mbili.

Siku ya pili yake Babu alimfungulia Rike droo ya amethisto zake bora na kumwambia achague yoyote, ya zambarau iliyokolea au ile nyepesi kama wingu la asubuhi. Rike hakuzitazama.

"Nataka ya Bibi."

"Hiyo haitakuwa zambarau tena, mwanangu. Moto haurudi nyuma."

"Nimesema ya Bibi. Aliyeiharibu ndiye aitengeneze."

Basi kila siku baada ya shule Hedda alishuka karakanani. Kipande kikubwa kati ya vile vitatu kiligandishwa kwa nta kwenye ncha ya kijiti, naye akakisaga kwenye gurudumu lenye maji, upande mmoja baada ya mwingine, Babu akiwa ameshikilia kiwiko chake. Kazi ilikwenda polepole sana. Siku moja alikuja amenuna kwa sababu Annelie alimnusia tena hewa, na ndani ya dakika tano alimega ukingo wa jiwe.

Babu alizima gurudumu. "Leo umekuja na Annelie. Mtoe nje, mzunguke nyumba mara tatu, halafu urudi peke yako."

Mara nyingine alimfukuza kabla hata hajaketi. Hedda alikasirika kwa kufukuzwa, akazunguka nyumba akipiga teke kokoto, na kidogo kidogo alijifunza kuzunguka kabla ya kuambiwa. Ilichukua majuma saba. Kilichobaki kilikuwa kito kidogo kama punje ya mahindi, cha njano ya kahawia, chenye ukungu pembeni, na Babu alikishikiza tena kwenye mkufu uliokuwa umefichwa chini ya godoro. Rike alikipokea, akakigeuza, akasema, "Upande huu umepinda," akakivaa.

Mwisho wa Juni ukoo ulikusanyika uani, na Babu akachoma nyama kwenye wavu unaoning'inia juu ya moto wa kuni. Shangazi Gundula, mama wa ubatizo wa Rike, aliinama kutazama shingo ya binti.

"Mbona sitrini? Wewe si mtoto wa Februari?"

Rike alitafuna kwanza akameza. "Muulize Hedda."

Uma zilisimama. Hedda alihisi masikio yakiwaka kama siku ile shuleni. Angeweza kusema ni zawadi mpya, na Shangazi angerudi kwenye saladi yake.

"Ni amethisto, Shangazi. Ni ile ya Bibi. Niliitia tanurini kwa hasira, ikapasuka. Halafu nikanyamaza, Babu akaitafuta kwenye vumbi akidhani ameipoteza yeye. Hicho ndicho kipande kilichobaki."

Shangazi Gundula aliitazama shingo ya Rike, kisha ya Hedda. "Na... na hiyo yako?" aliuliza.

"Hii pia ni amethisto iliyochomwa. Aliichoma Babu."

"Niliichoma, tena nikamficha," alisema Babu, akiweka chini koleo la nyama. "Kwa hiyo nisikilizeni nyote wawili, kwa sababu sitasema tena. Moto alioutumia Hedda ni uleule wa kwangu. Mimi nilingoja siku tatu, yeye hakungoja hata saa mbili, na ndiyo tofauti mnayoiona kwenye shingo zenu. Kukasirika si dhambi. Mtu akikukosea kasirika, hata mimi nikikosea. Lakini usiguse kitu cha mtu mkono ukiwa bado una moto. Na ukishagusa, ukakiharibu, sema siku hiyohiyo, usingoje mwingine aanze kujilaumu kwa niaba yako."

Hedda aliitikia kwa kichwa. Rike alivuta sahani ya nyama, akakata kipande chenye mafuta ambacho Hedda alikipenda, akakishika kwa uma bila kumpa.

"Watu wataniuliza maisha yangu yote kuhusu rangi hii," alisema. "Kila atakayeuliza nitamleta kwako."

"Mlete," alisema Hedda. "Nitamwambia."

"Hata nikiwa bibi kizee?"

"Hata hapo."

Rike alimtazama, bado amekunja uso. Kisha akakiweka kile kipande kwenye sahani ya mdogo wake.